Shemeji na Dirisha la Mwisho

Kwanza tuelewane: kwenye kuvuta rangi juu ya kitambaa, mimi sina mpinzani. Wapo wanaojaribu. Wanajitahidi, masikini, na mimi nawapa pole. Rangi ikipita mkononi mwangu haivuki mstari wala haiachi doa, na kijani ninachokichanganya mimi, majani yenyewe yakikiona yanaona aibu. Shule niliiacha mapema. Mimi na hesabu tulikorofishana, ikabidi mmoja wetu ahame. Lakini niwekee ndoo za rangi na meza ndefu, halafu kaa pembeni ujifunze kazi.

Ila ukweli usemwe. Mimi navuta tu. Anayechora ni shemeji, mke wa kaka yangu, na bila michoro yake ningekuwa mtu wa kupaka mashuka rangi moja tangu asubuhi mpaka jioni, kazi ambayo hata mvua ingeiweza.

Tunafanyia kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba yao. Zamani kilikuwa stoo. Meza yangu imekula chumba chote, juu yake blanketi, juu ya blanketi turubai. Ukutani zimetundikwa fremu za nyavu laini, zile ninazovutia rangi ipenye mchoro mpaka kwenye kitambaa, kila rangi na fremu yake, maana nyekundu na bluu hazikai nyumba moja. Kaka ana cherehani yake mlangoni, anasema pale ndipo penye mwanga. Shemeji yuko pembeni chini ya dirisha, viatu kavua, penseli kaichomeka kwenye nywele, na kila baada ya muda anauliza nani kaichukua penseli yake. Mimi namwambia kaichukua mwizi mmoja mwenye kichwa kikubwa, bado yuko humu humu ndani. Yeye ananiambia heri kichwa kikubwa chenye penseli kuliko kidogo kilichojaa maneno. Ndio utani wetu. Mtu na shemeji yake wasipotaniana, watu wataanza kuuliza kuna nini.

Anachora hadithi za watoto. Zile za zamani, tulizosimuliwa jikoni na tulizosoma kwenye vitabu vyembamba vya madarasa ya chini, vya kuazimana mpaka jalada linatoka. Kuku aliyekataa kulala. Sungura aliyemuuzia fisi kivuli. Anaichukua hadithi moja, anaitengenezea familia nzima ya vitambaa: shuka, foronya, pazia, gauni la mtoto, vyote vinaongea lugha moja. Wiki hiyo sisi hatusemi tunachapa mashuka. Tunasema leo tunachapa kuku.

Na kuna ujuzi mmoja ambao hapo namvulia kofia. Kitambaa ni kirefu, fremu ni fupi. Unachapa, unasogeza, unachapa tena. Kwa hiyo mchoro lazima ujishike wenyewe kwa wenyewe: mkia wa fisi unaokatika upande wa kulia, uanzie upande wa kushoto, ili ukichapa mfululizo usione paliposhonana. Sisi tunaita mrudio. Mrudio wa shemeji hauna kovu. Siku moja nilijigamba kwamba mimi kwa jicho langu naweza kupaona pa kuungia. Tukawekeana dau, atakayeshindwa aoshe fremu zote. Niliosha fremu mpaka vidole vikakunjamana kama vya bibi yangu.

Sasa nitakuambia kitu, halafu nitaendelea na kazi.

Walikuwa na mtoto. Wa kike, mmoja tu. Tulimwita Kakobe kwa sababu ya mwendo wake. Yule mtoto alikuwa hatembei, alikuwa anafikiria njiani. Ukitoka naye, wewe umefika, yeye bado anaongea na mdudu. Na kitabu alichokipenda ni kile cha kobe mdogo aliyetumwa chumvi. Najua umekisoma, au uliowahi kukaa nao wamekisoma. Mama kobe kabandika chungu, anamtuma mwanawe akaombe chumvi kwa jirani. Mwana anakwenda, anajaziwa mfuko, anarudi. Sasa njiani kila mtu anamsimamisha. Bata wanataka awaamulie nani anaogelea vizuri. Panya anamwambia mfuko wako mzuri, nionjeshe. Fisi kapata ngoma, anataka mtu wa kumsikiliza. Na mfuko una tundu. Kobe anafika nyumbani jua limezama, chumvi yote imebaki njiani, analia. Mama yake anafunika chungu anamwambia: "Chumvi nitaazima. Wewe ningekuazima wapi?"

Basi hapo. Ukurasa wa mwisho huo. Kakobe alikuwa akiusema pamoja na mama yake, mwingine anaanza, mwingine anamalizia.

Siku moja mchana uzi mweusi uliisha. Shemeji akamtuma dukani. Duka lenyewe liko ng'ambo ya barabara, ukisimama mlango wa mbele unaliona, unaona mpaka sabuni zilizopangwa. Alitoka na viatu vya mama yake. Lori lilikosa breki.

Sisimulii zaidi ya hapo na usiniulize.

Tangu siku hiyo, kwenye nyumba ile hatumwi mtu. Unajua watu wetu tunavyopenda kutuma. Mtu mzima akikaa hata kijiko kilicho mbele yake atamwita mtoto aje ampe. Kwa kaka, hapana. Mtoto wa jirani akiingia, anapewa biskuti anakwenda zake. Mgeni akitaka maji anaonyeshwa mtungi. Kitu kikiisha, kaka ananyanyuka mwenyewe, hasemi, anavaa viatu anakwenda. Na kaka asipokuwepo, kilichoisha kimeisha. Nimekunywa chai bila sukari pale mara nyingi, nikamwambia shemeji chai hii inaniangalia vibaya. Alicheka kidogo, lakini hakuniambia nenda kalete. Mimi nami sikusema niende. Kuna mambo hata mdomo wangu unaogopa kuyagusa.

Alikaa muda mrefu bila kuchora. Halafu akaanza tena, taratibu, kuku, sungura, hadithi zote. Ile ya kobe hakuigusa. Na sisi hatukumkumbusha.

Ndipo akaja mama wa maktaba.

Huyu ni mwanamke mrefu, miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, na anacheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza. Nilimpenda pale pale, maana mimi pia nafanya hivyo. Alikuwa amepata chumba kipya cha kusomea watoto, chumba kina madirisha pande zote, na jua linawapiga watoto machoni. Anataka mapazia. Na hataki maua. Anataka kila dirisha liwe ukurasa, mtoto aingie mlangoni aanze kusoma dirisha la kwanza, azunguke chumba, amalizie kwenye kona ambako wadogo kabisa wanakaa kwenye zulia. Hadithi ameshaichagua, alisema, kwa sababu ndiyo kila mtoto anaijua.

Akaitaja.

Cherehani ya kaka ikanyamaza. Mimi nikafungua mdomo nimwambie mama kuna hadithi ya kuku hapa, tamu, ina vichekesho, na kijani changu kinakaa vizuri mle. Shemeji akanitangulia.

"Nitaichora," alisema.

Mgeni alipoondoka nikamuuliza kwa nini. Alikuwa anaitafuta penseli, iko kichwani. Akasema amechoka kuzunguka hadithi moja kama mtu anayezunguka shimo uani kwake, kila siku anabeba ndoo anazunguka, kila siku anazunguka. Kaka alikuwa anasikia. Aliinama kwenye kitambaa chake kama anatafuta sindano.

Tukaanza. Na lazima niseme, haikuwahi kutoka kazi kama ile kwenye meza yangu. Dirisha la kwanza mama kobe mlangoni, anamfunga mwanawe mfuko shingoni. La pili jirani anajaza chumvi. Bata wamepanga foleni kama watu wa hospitali. Fisi na ngoma yake nilimwambia shemeji amemchora bwana mmoja tunayemjua, akakana, lakini akacheka. Kobe mwenyewe kwa nyuma ni kaka mtupu, ule ule mgongo wa mtu anayebeba nyumba. Nikamwambia kaka simama, geuka, tulinganishe. Kaka akasimama, akageuka. Shemeji akacheka mpaka akashika meza. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu, tangu zamani.

Halafu chumvi. Chumvi inamwagika kutoka kwenye tundu, mstari mwembamba unamfuata kobe dirisha hadi dirisha. Mimi nikauliza tuchanganye nyeupe gani. Akaniambia nyeupe hatuichapi, tunaiacha. Akazungusha barabara, nyasi, maji, kila kitu kina rangi, na pale ilipomwagika chumvi akaacha kitambaa chenyewe, kitupu. Nimekuwa kwenye kazi hii miaka na mimi ndiye bingwa wake, lakini siku hiyo nilivuta rangi polepole, nikiogopa kuingia kwenye ile nyeupe.

Likabaki dirisha la mwisho.

Hapo ndipo alipokwama. Anakaa asubuhi, anachora, anachana. Anasema midomo ya bata haikukaa sawa, anarudi kwa bata ambao tumeshawachapa na kuwakausha. Anasema karatasi ina unyevu. Siku ya kufungua chumba inakaribia, mama wa maktaba anapita anachungulia, anasema haina haraka, kumbe kwapani kabeba kadi za mwaliko. Mimi nilijua haogopi kuchora kobe. Anaogopa kumfikisha.

Asubuhi moja nikakuta karatasi iko juu ya meza yangu, imekamilika, rangi zimeshagawanywa. Sikuuliza. Nilitengeneza fremu, nikachapa kitambaa chote, nikakianika kwenye kamba chumbani, na kwa kweli kilipendeza. Nyumba ndogo, mlango wazi, moshi wa jikoni, kobe anapanda kizingiti. Mama yuko ndani, kashika mfuniko wa chungu. Kaka alikuja akasimama mbele yake, akarudi kwenye cherehani. Nikadhani tumemaliza.

Mchana akaja mama wa maktaba. Akavaa miwani. Akaanza kufuata kwa kidole, kama mtoto anayesoma: kobe anakuja, kobe anafika, huyu hapa mlangoni. Kidole kikaendelea. Nyuma ya nyumba kuna barabara, na juu ya barabara kuna kobe anaondoka, mfuko shingoni. Anapita bondeni, anafika kwenye nyumba. Nyuma ya nyumba, barabara. Anaondoka.

"Mbona anatumwa tena?" aliuliza.

Aliuliza kwa wema tu, hajui lolote. Mimi na kichwa changu nikadakia kwamba huyu kobe ameajiriwa, hana likizo. Mzaha ule ulianguka kama sufuria kwenye nyumba ya msiba.

Shemeji alisogea karibu na kitambaa. Alikitazama kama kimechorwa na mtu mwingine. Sasa wewe ukizoea kuandika, mkono wako unaandika hata ukiwaza mengine. Mkono wake ulizoea mrudio. Miaka yote umefundishwa kwamba kitambaa kisifike mwisho, kinachokatika huku kianze kule, kisionekane kovu. Madirisha yale mengine yalikuwa njiani, na njia hata ikirudi ni njia tu, hakuna aliyeona. Hili lilikuwa la kufika. Na mimi niliyevuta, mimi bingwa, nilikuwa natazama mstari tu, sikuona.

"Sikuona," shemeji alisema. Akarudia, "Wallahi sikuona."

Mama wa maktaba alitambua amekanyaga kitu, hajui ni nini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango polepole, kwamba kama ni shida, dirisha la mwisho tunaweza kuliweka kitambaa kitupu, cha rangi moja, wala watoto hawatajali. Shemeji akamwomba ampe siku mbili. Asipoweza, aweke kitupu.

Mgeni alipotoka, tulibaki watatu. Kwenye kamba yote ile kobe anafika, na kobe anaondoka.

Kaka yangu ni mtu wa maneno machache. Tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa nikipigwa kwa maneno ya wote wawili. Alisimamisha cherehani. Hakumwangalia mkewe, aliangalia mguu wake juu ya kanyagio.

"Uzi ulikuwa wangu," alisema.

Shemeji akageuka.

"Mimi ndiye niliyesema uzi umeisha. Nilisema kwa sauti, nikalalamika, nilikuwa na nguo ya watu. Wewe ulikuwa umekaa zako. Ningenyamaza nikaenda mwenyewe, usingemtuma."

Nilikuwepo pale siku ya msiba, na siku zote baada yake. Sijawahi kusikia neno hilo. Nilifikiri anakwenda dukani mwenyewe kila siku kwa ajili ya kumhurumia mkewe. Kumbe alikuwa anaiendea ile safari aliyotakiwa kwenda.

Shemeji alikaa chini. Alikaa sakafuni, pale pale, mgongo kwenye mguu wa meza yangu.

"Na mimi ningekwenda," alisema. "Nilikuwa nachora. Sikutaka kunyanyua penseli. Nilikuwa katikati ya mstari."

Mimi nilikuwa na rangi mpaka kwenye viwiko na sina pa kwenda, mlango ameukalia kaka. Nikachukua fremu nikaanza kuiosha. Ilikuwa safi. Niliiosha tena. Nyuma yangu nilisikia kaka anavuta kigoda, anakaa karibu naye. Walilia bila kelele, kama watu walioazimana mahali pa kulilia. Sikugeuka. Maji yalikuwa yanapita tu kwenye fremu.

Baada ya muda mrefu kaka aliuliza, kwa sauti ya kazini kabisa, kitambaa kinachofika mwisho kinachorwaje.

Shemeji akapangusa pua. Akasema mchoro unaachiwa nafasi pande zote, usiguse ukingo. Unachapwa mara moja tu. Unakuwa kipande kimoja, hakiendelei.

"Basi acha nafasi," kaka akasema. "Mimi nitakunja pindo."

Alichora kesho yake, kwa kutwa moja. Nyumba iko katikati sasa, na kuizunguka kuna ukingo mpana wa kitambaa kitupu. Mstari wa chumvi unakuja kutoka dirisha la kabla yake, unapita uani, unapanda kizingiti na kuishia kwenye mguu wa kobe. Nyuma ya nyumba hakuna barabara. Mama kobe hakunyoosha mikono, hakuna mambo ya kukumbatiana. Ameweka mfuniko chini na anamtazama mtoto, basi. Shemeji alimchora mtoto na viatu. Vikubwa, vimezidi mguu. Mama wa maktaba alikuja baadaye akasema lo, kobe mwenye viatu, watoto watacheka. Na watacheka kweli, na wacheke.

Nilivuta mara moja kwa kila rangi. Mstari ukakaa sawa, ujue ni mkono wa nani.

Kilipokauka kaka akakiweka kwenye cherehani akunje pindo. Ukingo ule ulitaka uzi mweusi, kufanana na mapazia mengine. Akashona upande mmoja, wa pili akafika katikati, gurudumu likawa jepesi. Uzi umeisha.

Hakusema kitu. Alisimama akatafuta viatu vyake chini ya meza, kama siku zote.

"Kaa," shemeji alimwambia. Kisha akaniangalia mimi. Alikuwa amekunja vidole vyake ndani ya gauni. "Shemeji, hebu nenda wewe. Kalete uzi mweusi."

Kaka alibaki na kiatu kimoja mkononi.

Mimi nina jibu la kila kitu. Mtu akiniambia nenda, namuuliza unanilipa nauli au nipande mgongo wako. Siku hiyo nilisema, "Haya." Nikatoka na mikono yangu ya rangi. Kwenye barabara nilisimama. Nilitazama huku, nikatazama kule, nikatazama tena huku, mtu mzima mwenye ndevu, watu wa dukani wananicheka. Nikavuka. Mwenye duka alitaka kunisimulia habari za mpira, na mimi ndiye ninayempaga habari hizo, nikamwambia siku nyingine. Alipokwenda kutafuta chenji nikamwambia aiache.

Wakati wa kurudi sikukimbia. Nilitaka shemeji anione vizuri. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kashika mwimo, na nikajua hakutoka pale tangu nilipompa mgongo.

Nilimpa uzi. Hakuuchukua, alinishika kifundo cha mkono, akakishikilia. Rangi yangu ikamchafua.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, shemeji."

Akaendelea kunishika. Kisha akachukua uzi, akampelekea mumewe, akasimama nyuma yake akitazama anavyoutia kwenye tundu la sindano. Kaka alikosa mara kadhaa. Pindo likamalizika, pande zote nne.

Ukienda kwenye chumba kile cha watoto, zunguka mpaka kwenye kona. Kijani utakachokiona ni changu. Angalia upande wa pili wa pindo, katikati, pale uzi ulipoisha na mwingine ukaanza. Mshono umepinda kidogo. Tulimwambia kaka aufumue arudie, akasema tuuache.